Ulizidisha siku, usizidishe na uongo

Kwenye fomu ya kuomba viza ya Marekani, ukishamaliza jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti, unafika kwenye kurasa za maswali ya ndiyo au hapana. Mojawapo linauliza kama umewahi kukaa Marekani kinyume cha sheria, kupitiliza muda uliopewa na afisa wa uhamiaji, au kuvunja masharti ya viza kwa namna yoyote nyingine. Bariadi mjini, kama ilivyo Maswa au Lamadi, fomu za namna hii mara nyingi hazijazwi na mwombaji mwenyewe. Zinajazwa steshenari, kwenye chumba chenye mashine ya fotokopi, kompyuta na foleni ya watu waliokuja kuombewa mkopo wa chuo, ajira za serikali na vyeti vya kuzaliwa. Kijana wa steshenari ana kasi. Akifika kwenye kurasa hizo anashuka nazo, hapana, hapana, hapana, mpaka chini, bila kukugeuzia uso. Ukimuuliza anakujibu, "Kaka, ukiweka ndiyo hapo unajitafutia maswali."

Tiki hiyo moja inaweza kugharimu kuliko miezi yote ambayo mwombaji aliipitiliza huko alikokuwa. Siku zilizozidi zina hesabu yake kisheria: zina kiwango, zina adhabu yenye mwisho, na kwa aliyeoa au kuolewa mara nyingi zina msamaha wake. Uongo uliosemwa ili kuzificha hauna hesabu ya namna hiyo. Na watu wetu wengi wanaokwama kwenye viza ya mwenza wanakwama hapo, huku ndugu nyumbani wakiamini kwamba kilichomponza ni kule kukaa sana.

Tuanze na jambo ambalo mawakala wa mitaani hawalielezi, pengine kwa sababu hata wao hawalijui. Viza ya matembezi na viza ya mwenza hazipimwi kwa swali moja. Anayeomba kwenda kutembea anaulizwa, kwa maneno au kwa macho, kama atarudi. Huyo akiwa aliwahi kupitiliza muda, jibu limeshaandikwa na ombi lake halina maisha marefu. Lakini anayeomba kumfuata mume au mke hategemewi kurudi. Anaomba kwenda kuishi. Kwa hiyo lile kosa la zamani halimhukumu kwa nia ya kubaki, maana nia hiyo ndiyo viza yenyewe. Linamhukumu kwa mambo mengine mawili: kama ndoa ni ya kweli au ni ndoa ya makaratasi, na kama mtu huyu anapozungumza na serikali anasema kweli. Ukilielewa hilo, utaona kwa nini kuficha ni njia mbaya kuliko zote.

Wanaopitiliza muda kutoka mkoa wetu wa Simiyu si wale tunaowaona kwenye filamu, wa kuzamia melini usiku. Wengi wametoka na pasipoti halali mfukoni. Wengine ni wanafunzi waliopata chuo nje, ada ikawashinda mwaka wa pili, wakaacha darasa na kwenda kubeba boksi. Wengine ni mabinti waliokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, wakaondoka kwa mwajiri kabla ya mkataba kuisha, na kwa kuwa kibali kilikuwa mikononi mwa mwajiri, asubuhi iliyofuata wakawa hawana hadhi yoyote. Falme za Kiarabu zilitoa msamaha kuanzia Septemba 1 hadi Desemba 31, 2024: aliyejitokeza aliweza kuondoka bila faini na bila zuio la kurudi, au kuhalalisha makazi yake. Aliyeutumia msamaha ule kuondoka yuko salama kuliko aliyebaki amejificha, hata kama leo anajilaumu kwa kuwahi kurudi.

Kundi kubwa zaidi nadhani ni la Sauzi. Mtanzania anaingia Afrika Kusini bila viza na kupewa hadi siku 90, na siku hizo huisha wakati kijana ndiyo kwanza amepata kazi ya saluni au ya kuuza nguo Johannesburg au Durban. Tangu kanuni za Mei 2014, anayetoka nchini humo akiwa amepitiliza hatozwi faini tena mpakani. Anatangazwa kuwa mtu asiyetakiwa: miezi 12 kama amepitiliza kwa siku zisizozidi 30, miaka miwili akirudia kosa hilo ndani ya miezi 24, na miaka mitano akizidisha siku 30. Anapewa karatasi pale pale, na ana siku 10 za kazi za kukata rufaa. Wengi huikunja karatasi ile, wakaiweka mfukoni na kupanda basi la kurudi. Baadaye, mmoja wao akitaka kurudi kwa mke aliyemwacha Durban, karatasi ile aliyoidharau ndiyo inayosimama mlangoni.

Kanuni hizo zilipoanza tu zilimkumba mwanamke wa Denmark aliyeolewa na raia wa Afrika Kusini, ambaye muda wake ulikwisha huku akisubiri majibu ya ombi la viza alilokwishalipeleka. Alizuiwa kurudi, akiwa na mtoto mdogo. Mwezi Juni 2014 Mahakama Kuu mjini Cape Town ikaamuru aruhusiwe kurudi kwa mumewe. Nimeitaja kesi hiyo kwa sababu moja: mama yule alikuwa na uthibitisho kwamba aliomba kwa wakati. Asingekuwa na karatasi za ombi lake, wakili wake angesimama mbele ya jaji na kusema nini?

Sasa Marekani, ambako sheria yenyewe ina mtego unaostahili kuelezwa polepole. Septemba 30, 1996 Rais Bill Clinton alisaini sheria ya uhamiaji ambayo ilianza kuhesabu siku Aprili 1, 1997. Aliyekaa bila hadhi kwa zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka, akiondoka, anazuiwa kurudi kwa miaka mitatu. Aliyefikisha mwaka au zaidi, miaka 10. Ukiwa hukuvuka siku 180, mazuio hayo hayakuhusu, ingawa viza uliyokuwa nayo imekufa na kumbukumbu inabaki. Siku za mtoto chini ya umri wa miaka 18 hazihesabiwi. Hata mwanafunzi aliyeingia kwa muda wa masomo, bila tarehe maalumu ya kuondoka, kwa kawaida hesabu yake haianzi siku alipoacha darasa, bali siku ambayo idara ya uhamiaji au jaji atakapotamka kwamba amevunja masharti. Wapo watu mitaani kwetu waliojikatia tamaa kwa miaka kadhaa kumbe zuio la miaka 10 halikuwahi kuwagusa. Hawakuuliza. Au walimuuliza kishoka.

Kosa jingine la kawaida ni kuchanganya tarehe ya viza na tarehe ya kukaa. Ile stika kwenye pasipoti inakwambia mpaka lini unaweza kufika uwanja wa ndege na kuomba kuingia. Siku za kukaa anazitoa afisa pale uwanjani, na zinaandikwa kwenye rekodi yako ya kuingia, ambayo siku hizi unaweza kuisoma mwenyewe mtandaoni. Mtu anaona viza yake bado ina miezi mitano, anatulia kwa dada yake Houston, kumbe siku zake zilikwisha zamani.

Turudi kwenye mtego. Zuio la miaka mitatu au 10 haliamki mpaka mtu aondoke. Akiwa bado ndani, limelala. Na sheria hiyo hiyo inamruhusu mwenzi wa raia wa Marekani, kama aliingia kwa kupita mbele ya afisa kihalali, kubadili hadhi akiwa huko huko ndani hata kama amepitiliza. Tuseme kijana wa Nkololo alikwenda kwa viza ya matembezi, akapewa miezi sita, akakaa miaka mitatu, akamwoa raia. Akitulia na kupeleka maombi yake ndani ya Marekani, ile miaka mitatu inaweza kusamehewa bila yeye kutoka. Akipanda ndege kabla ya hapo, anajifungia nje kwa miaka 10. Sheria iliyotungwa kuwaadhibu wanaobaki inawaadhibu wanaoondoka.

Kisha simu inapigwa usiku. Mama amefariki hospitali ya Somanda, na mazishi ni keshokutwa Nkololo. Kwetu kutokuwepo kwenye mazishi ya mama si jambo dogo. Wajomba watauliza, majirani watauliza, na kaka mkubwa atasema mbele ya watu kwamba mdogo wake amekuwa Mzungu, anatuma dola lakini hana utu. Kijana anafuatilia mazishi kwenye simu aliyoshikiwa na binamu yake, mtandao unakatika jeneza linaposhushwa. Anajua akija atamzika mama na kumpoteza mke. Hawezi kuwaeleza wajomba habari ya siku 180 wakamwelewa. Kama maombi yake yalishapelekwa, kuna kibali cha kusafiri ambacho anaweza kukiomba, lakini lazima awe nacho mkononi kabla hajatoka. Na msiba hausubiri barua. Ninaandika haya kwa ajili ya wajomba. Kabla hamjamhukumu mtoto aliyekosa msiba, muulizeni yuko kwenye hatua gani ya makaratasi.

Aliyekwisha kuondoka na kufungiwa bado ana njia. Mwenzi wake ambaye ni raia au mkazi wa kudumu anaweza kuonyesha kwamba utengano huo unamtia kwenye dhiki iliyopita kiasi. Dhiki inayotazamwa ni ya mwenzi au mzazi mwenye hadhi kule. Machozi ya mwombaji hayahesabiwi, na mateso ya watoto peke yao hayatoshi. Tangu mwaka 2013 wapo wanaoweza kuomba msamaha huo wakiwa bado ndani, ili wakitoka kwa ajili ya usaili wawe wanajua wanakokwenda. Ni kazi ya ripoti za daktari, taarifa za benki na barua za mwajiri. Inachosha, ila ni mlango.

Aliyedanganya kwenye fomu amekwenda mahali pengine kabisa. Kwa sheria ya Marekani, anayetoa maelezo ya uongo kwa makusudi kuhusu jambo la msingi ili apate viza anazuiwa maisha yake yote. Msamaha upo, kwa masharti mazito yale yale ya dhiki ya mwenzi au mzazi, lakini zuio halina tarehe ya mwisho. Hata akizeeka litakuwepo. Kanada humfungia mwongo miaka mitano. Uingereza, aliyetumia udanganyifu hapo awali anaweza kukaa nje miaka 10. Sasa linganisha: kijana aliyepitiliza miezi mitano Marekani hana zuio lolote la miaka. Anaoa, anaomba viza ya mwenza, anapewa ushauri wa kuweka hapana kwenye lile swali, na kwa ushauri huo anaweza kutoka kwenye hali ya kutofungiwa hata siku moja na kuingia kwenye kifungo kisicho na mwisho. Na amelipia huduma hiyo.

Nawajua watakaosema: watajuaje? Imani hii iliota mizizi enzi za mihuri ya wino, ukipoteza pasipoti unapata nyingine na historia imefutika. Serikali yetu ilipozindua pasipoti ya kielektroniki Januari 31, 2018, wapo waliofurahi kwamba sasa wana kijitabu kipya kisicho na doa. Kijitabu ni kipya, vidole ni vile vile. Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand zina utaratibu wa miaka mingi wa kulinganisha alama za vidole za waombaji, kwa hiyo aliyekataliwa Toronto anaweza kuonekana London. Nchi 29 za eneo la Schengen zilianza Oktoba 12, 2025 kutumia mfumo unaorekodi uso na vidole vya wageni wa muda mfupi wanapoingia na wanapotoka. Mfumo wenyewe unahesabu siku 90 ndani ya kila 180 bila kumwomba afisa apekue kurasa. Fomu ya Uingereza haiulizi Uingereza peke yake. Inauliza kama umewahi kukataliwa, kuondolewa au kuvunja masharti ya uhamiaji katika nchi yoyote. Karatasi ile ya mpakani Afrika Kusini inaingia hapo.

Uingereza ina jambo lake. Kwa miaka mingi, yale mazuio ya kati ya mwaka mmoja na 10 yaliyowabana wageni wengine hayakuwabana kwa lazima wenza walioomba kwa kanuni za familia. Aliyepitiliza, akaondoka kwa nauli yake mwenyewe, aliweza kuomba kurudi kama mume bila kungoja. Novemba 2025 kanuni za nani anafaa na nani hafai zilipangwa upya, na maombi ya familia nayo yakaingizwa humo. Ushauri uliompitisha binamu yako miaka mitatu iliyopita usiutumie leo bila kuuliza upya. Zaidi ya hapo, kikwazo kikubwa kwa wengi ni pesa. Tangu Aprili 11, 2024 mwenzi aliyeko kule anatakiwa kuonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Ada ya ombi ikafika pauni 1,938 mwaka 2025, na mchango wa huduma za afya kwa kipindi cha mwanzo ni pauni 3,105. Jumla yake inapita shilingi milioni 15. Ombi likikataliwa, mchango wa afya hurudishwa, ada hairudi. Familia inauza ng'ombe ilipe ada, halafu kijana wa steshenari anaiua kwa tiki moja.

Ulaya nyingine nitaipita haraka, nikiacha jambo moja lenye manufaa. Julai 25, 2002 Mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Ubelgiji liitwalo MRAX, iliamua kwamba mwenzi wa raia wa Umoja wa Ulaya hawezi kunyimwa kibali cha makazi wala kufukuzwa kwa sababu tu viza yake ilikwisha kabla hajaomba. Julai 25, 2008, siku ile ile ya mwaka, kesi ya Metock kutoka Ireland ikaongeza kwamba hahitaji kuwa aliishi kihalali kwanza katika nchi nyingine ya Umoja. Ila ulinzi huo ni wa wenza wa raia waliohamia nchi nyingine ya Umoja. Mjerumani anayeishi Ireland anaweza kumkinga mkewe wa kutoka Meatu kwa sheria hiyo. Mjerumani anayeishi kwao Ujerumani anarudi kwenye sheria ya Ujerumani, ambayo itamtaka mke huyo, pamoja na mengine, ajue Kijerumani cha hatua ya kwanza. Ajabu, lakini ndivyo ilivyo.

Nimesema jambo la kwanza linalopimwa kwenye viza ya mwenza ni kama ndoa ni ya kweli. Hapa sisi wa Simiyu tuna balaa la namna yetu. Ndoa ya Kisukuma ina mashahidi kuliko ndoa yoyote ya ofisini. Ng'ombe wa mahari wanahesabiwa zizini mchana kweupe, wazee wa pande mbili wanabishana juu ya jike lenye pembe iliyovunjika, kijiji kizima kinakula. Lakini hakuna karatasi. Mashahidi wana kumbukumbu, hawana risiti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila, na hata waliokaa pamoja miaka miwili wakajulikana kama mume na mke wanaweza kudhaniwa kuwa wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Afisa wa ubalozi hataki dhana. Anataka cheti kilichosajiliwa, picha zenye tarehe, ujumbe wa simu wa miezi na miezi, tiketi za ndege za aliyekuja kutembelea. Kwa mwombaji aliyewahi kupitiliza muda, kila pengo kwenye ushahidi huo linatazamwa kwa jicho kali zaidi: huyu aling'ang'ania kubaki akashindwa, leo ameleta mke.

Halafu majina. Mtu kabatizwa jina moja, shule ya msingi kaandikwa jingine, NIDA wakachukua la babu. Ng'wandu anakuwa Mwandu, Bhulugu anakuwa Bulugu, kutegemea mwandishi alikuwa Msukuma au hakuwa. Kwa mtu asiye na historia huo ni usumbufu wa kiapo mbele ya wakili. Kwa aliyewahi kupitiliza muda akiwa Mwandu na leo anaomba kama Ng'wandu, inaonekana kama amebadili jina ili kujificha. Mtu huyu hajadanganya lolote, lakini faili lake linafanana na la mwongo. Dawa ni kulieleza mwenyewe kabla hujaulizwa: barua ya ukurasa mmoja inayosema nilikuwa wapi, kuanzia lini, kwa nini nilipitiliza, nilitoka vipi, na kwa nini jina limeandikwa hivi. Kabla ya barua hiyo, omba rekodi zako. Uingereza mtu anaweza kuomba bure taarifa zake zinazoshikiliwa na idara ya uhamiaji. Marekani kuna sheria ya kupata nyaraka za serikali inayofanya kazi hiyo. Usiandike kwa kukumbuka. Tarehe uliyoikosea kwa bahati mbaya inafanana sana na tarehe uliyoidanganya.

Yupo na mtu mwingine kwenye habari hii, ambaye hakupitiliza hata siku moja. Januari 31, 2020 serikali ya Marekani iliwaondoa Watanzania kwenye bahati nasibu ya viza, pamoja na Wasudani. Zuio hilo lilifutwa Januari 20, 2021. Oktoba 23, 2025 Tanzania ikaingizwa kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji wa viza ya biashara au matembezi anaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000. Desemba 16, 2025 likatoka tangazo la rais lililoiweka Tanzania kwenye vizuizi vya sehemu kuanzia Januari 1, 2026, na sababu mojawapo iliyoandikwa ni kiwango cha Watanzania wanaopitiliza muda: asilimia 8 na ushee kwa wageni wa matembezi na biashara, karibu asilimia 14 kwa wanafunzi. Tangazo hilo liligusa pia viza za kuhamia, bila kuwaachia wake na waume wa raia nafasi iliyokuwepo kwenye tangazo la vizuizi la Juni mwaka huo huo. Binti wa Dutwa ambaye safari yake ndefu ni Mwanza, aliyeolewa kihalali na kusajiliwa, anasubiri kwa sababu ya takwimu za watu asiowajua. Siwezi kuita hiyo haki. Kosa la kukaa zaidi ya muda lina mtu wake na lina siku zake. Kuligeuza kuwa sifa ya taifa ni uvivu wa watunga sera.

Ila kabla hatujapaza sauti sana, tujiangalie. Tanzania haina uraia pacha. Mtoto wa Bariadi aliyechukua uraia wa Marekani ili amlete mkewe haraka anaweza kujikuta akirudi kwao kama mgeni. Analipa dola 100 za viza, anapewa miezi mitatu, na mama yake akiugua ghafla, anaweza kupitiliza muda kwenye kitanda alichozaliwa. Na Septemba 2013, Operesheni Kimbunga ilipopita Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa walioitwa wahamiaji haramu, walikuwemo watu waliokaa miongo kadhaa, waliooa na kuolewa na Watanzania, wenye mashamba na wajukuu. Familia zikagawanyika, mmoja akavuka kwenda Rwanda na mwingine akabaki. Ndoa zao zilikuwa na mashahidi kijiji kizima. Hazikuwa na kibali.

Hata leo, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa yake. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo; anaomba kama mgeni mwingine yeyote, kwa miaka ya ukaazi na vibali vya kuhuisha. Kijana wa Itilima akimwoa Mganda, mkewe ana njia. Dada yake akiolewa na Mganda, shemeji yetu anakuwa mtu wa kuhesabu siku, na akichelewa kuhuisha kibali anakuwa amepitiliza muda kwenye nyumba ya mkewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 15, inamruhusu yeyote aliyekaa kwenye ndoa na raia kwa miaka saba, awe mume au mke, kuomba kusajiliwa kuwa raia. Kubadili yetu kunahitaji muswada mfupi tu, na mbunge yeyote wa majimbo ya Simiyu anaweza kuupeleka bungeni kama muswada binafsi.